Shahamu, Magadi na Elimu: Historia ya Ugumu wa Sabuni

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na miiko ya wazee. Ni wachache wautafutao utamaduni katika beseni la kufulia nguo. Walakini, ikiwa utamaduni ni jumla ya maarifa ambayo kwayo watu huyatumia yale waliyojaliwa na ardhi yao, basi kipande cha sabuni nacho kina haki ya kutajwa. Ndani ya kipande hicho wamekutana mnyama na mti, chumvi ya ardhini na moto, subira na hesabu. Na katika historia yake imo biashara ya bahari, umo ukoloni, na yamo mapambano ya mtu kutaka kujitegemea.

Makusudi ya insha hii ni kufuata jambo moja tu katika historia hiyo ndefu, yaani ugumu wa sabuni. Ni kitu gani kiifanyacho sabuni moja iwe ngumu kama jiwe la mto, na nyingine iwe laini kama ugali uliolala? Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini si dogo kwa mama afuaye nguo za watoto watano. Kwake yeye sabuni laini ni fedha inayoyeyuka mkononi. Wala si dogo kwa mwanahistoria, kwa sababu kwa karne nyingi jibu lake lilikuwa siri ya nchi zenye mafuta ya namna fulani, mpaka elimu ilipolifichua na kulifanya kuwa mali ya kila mwenye kujifunza.

Asili ya sabuni

Neno sabuni tumelipokea kutoka lugha ya Kiarabu, na asili yake ya mbali ni neno la Kilatini, sapo. Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika kwamba kitu hicho kilivumbuliwa na watu wa Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, nao walikitengeneza kwa shahamu na majivu. Alisema kuwa iliyo bora ilitokana na shahamu ya mbuzi, na kwamba zilikuwako namna mbili: nzito na ya majimaji. Watu hao waliitumia kwa nywele zao zaidi kuliko kwa nguo. Hata hivyo, katika maneno hayo machache mna mambo yote mawili yanayoamua ugumu wa sabuni: mafuta, na chumvi kali iliyomo katika majivu.

Tuanze na chumvi. Majivu ya kuni hutoa chumvi ya potasi, na sabuni ya potasi huwa laini. Majivu ya mimea ya pwani yenye kunywa maji ya bahari hutoa chumvi ya soda, na sabuni ya soda huwa ngumu. Chumvi hiyo ya soda ndiyo iliyomo katika magadi yetu, yanayopatikana kwa wingi katika Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Magadi yakichemshwa pamoja na chokaa iliyozimwa kwa maji, hutoa kitu kikali zaidi, ambacho mafundi wetu wa leo hukiita kostiki soda. Chokaa nayo watu wa pwani wameichoma kutoka matumbawe ya bahari tangu enzi za kujenga Kilwa. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa ugumu, yaani mlango wa chumvi, ulikuwa wazi katika nchi zetu tangu zamani.

Mlango wa pili ni mafuta, na huu ndio uliochukua muda mrefu kufahamika.

Subira mahali pa shahamu

Katika nchi za Sham, miji ya Aleppo na Nablus ilijipatia sifa kwa sabuni za mafuta ya zeituni. Mafuta hayo hutiririka, hayagandi kama shahamu, na sabuni yake haiwi ngumu upesi. Mafundi wa miji hiyo walilipa kwa muda kile walichokosa katika mafuta. Wa Aleppo, ambao huchanganya pia mafuta ya mti uitwao ghari, huviacha vipande vyao vikauke kwa miezi mingi kabla ya kuviuza. Wa Nablus huvipanga katika minara mirefu yenye nafasi ndani, ili hewa ipite kila upande. Mwezi wa Desemba 2024 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa miji yote miwili katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Basi asishangae msomaji kuona sabuni katika kitabu cha utamaduni. Wenzetu wameshaiweka mahali pake.

Kutoka mashariki ufundi huo ulienea katika bandari za Bahari ya Kati, na Marseille, huko Ufaransa, ikawa mashuhuri kupita zote. Mwaka 1688 serikali ya mfalme wa Ufaransa ilitoa amri kwamba sabuni ya mji huo itengenezwe kwa mafuta ya zeituni peke yake, bila kuchanganywa na shahamu wala mafuta mengine. Amri hiyo ililinda jina la mji, lakini pia yatuonyesha jinsi mambo yalivyokuwa: fundi alijua kwa mkono wake kwamba mafuta haya yafanya hivi na yale yafanya vile, ila hakuna aliyeweza kusema kwa nini.

Mtu aliyeifungua shahamu

Aliyesema kwa nini ni mwanakemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul. Alizaliwa mwaka 1786 na kufariki mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 102. Kazi yake ilianza mwaka 1811 alipoletewa sabuni ya potasi iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, aichunguze. Alipoichanganya na maji mengi, aliona vijipande ving'aavyo kama lulu vikitua chini. Mtu mwingine angeyamwaga maji yale. Chevreul alivichukua vijipande hivyo akavifuatia kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1823 akachapisha kitabu chake juu ya mafuta ya wanyama.

Alithibitisha kwamba mafuta si kitu kimoja. Ni muungano wa asidi za mafuta na gliserini: asidi tatu zimeshikwa na gliserini moja, mfano wa mbuzi watatu waliofungwa katika mambo moja. Kostiki soda inapoingia, huikata kamba. Gliserini huachwa peke yake, na kila asidi huungana na soda. Muungano huo mpya wa asidi na soda ndio sabuni.

Miongoni mwa asidi alizozitenga, moja ilikuwa nyeupe na ngumu, yenye kuyeyuka kwa joto la digrii 69 hivi za Sentigredi. Aliipa jina kutokana na neno la Kiyunani, stear, ambalo maana yake ni shahamu. Hiyo ndiyo asidi ya steariki. Nyingine ilikuwa ya majimaji, nayo ni asidi ya oleiki, iliyojaa katika mafuta ya zeituni. Zote mbili zina kaboni 18 katika mnyororo wake. Tofauti ni kwamba mnyororo wa steariki umenyooka, kwa hiyo minyororo yake hulala pamoja kama fito zilizofungwa mzigo. Mnyororo wa oleiki una kombo katikati, nayo minyororo yenye kombo haipangiki vizuri. Fito zilizonyooka hutoa mzigo mgumu, na sabuni ya steariki huwa ngumu kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 1825 Chevreul na mwenzake Gay-Lussac walipata hataza ya kutengeneza mishumaa kwa asidi hizo. Wao wenyewe hawakufaulu katika biashara hiyo, lakini katika miaka ya 1830 wengine walifaulu, na mshumaa mgumu, mweupe, usionuka, ukachukua nafasi ya ule wa shahamu uliojaza nyumba moshi. Tangu hapo asidi ya steariki ikawa bidhaa: kitu kiwezacho kutolewa katika mafuta, kupimwa, kuuzwa, na kutiwa mahali pengine panapohitaji ugumu.

Mbata zilizovuka bahari

Elimu hiyo ilipokuwa ikienea, viwanda vya Marseille vilikwisha kupata soda iliyotengenezwa kwa chumvi ya bahari kwa njia aliyoivumbua Nicolas Leblanc, na sasa vilihitaji mafuta mengi kuliko zeituni ziwezavyo kutoa. Hapo ndipo historia ya sabuni ilipopiga hodi kwetu. Mwaka 1844 Ufaransa ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar. Katikati ya karne hiyo ya 19, ufuta wa pwani ya Afrika Mashariki na mbata za nazi zilipakiwa Unguja kwenda Marseille, zikakamuliwe huko.

Hebu tuitazame nazi kwa macho ya Chevreul. Asidi ya steariki iliyomo ni chache, kiasi cha 3 katika 100 tu. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, yenye mnyororo mfupi ulionyooka. Kwa hiyo sabuni ya nazi huwa ngumu mapema, hutoa povu jingi, na hata katika maji ya bahari hutoa povu, jambo ambalo mabaharia walilithamini sana. Kasoro yake ni kwamba huyeyuka haraka katika maji, na ikitumiwa peke yake hukausha ngozi. Povu la nazi likikutana na uimara wa shahamu, hupatikana sabuni iliyo kamili.

Wenye viwanda huko Ulaya waliufahamu ukweli huo na kuutajirikia. Mwaka 1885 William Lever alianza kutengeneza sabuni ya Sunlight huko Uingereza, akitumia kwa wingi mafuta ya nazi au ya kokwa za michikichi, na shahamu kidogo. Mwaka 1911 alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Wenyeji walilazimishwa kukwea michikichi na kuchuma kwa malipo duni. Mwaka 1931 Wapende waliasi dhidi ya kodi na ujira ulioshuka, na mamia yao waliuawa. Kipande cheupe kilichosifiwa kwa usafi kilikuwa na madoa ambayo maji hayayatoi.

Wakati huo huo elimu ilipiga hatua nyingine. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kuyagandisha mafuta yatiririkayo, kwa kuyapitishia hidrojeni penye madini ya nikeli. Hidrojeni hunyoosha lile kombo la oleiki, nayo huwa steariki. Tangu siku hiyo ugumu haukuwa tena zawadi ya mnyama au ya mti fulani. Mwenye maarifa aliweza kuutengeneza kutoka mafuta yoyote aliyonayo.

Tazama basi jinsi mambo yalivyogeuka. Sisi tulikuwa na magadi, chokaa, nazi, mawese, ufuta, na shahamu ya ng'ombe. Milango yote miwili ya ugumu ilikuwa nyumbani kwetu. Palikuwa pia na miti yenye kutoa povu, kama vile mjunju, ambayo mizizi na magome yake yametumika kufulia. Lakini katika biashara ile ya kikoloni mbata zetu zilikwenda na elimu haikurudi. Kilichorudi ni sabuni, nayo kwa bei ya mwenye kuiuza.

Miaka ya uhaba

Ubaya wa kutegemea cha mwingine tuliuonja wenyewe. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, huku bei ya petroli ikiwa imepanda na fedha za kigeni zikiwa haba, sabuni iliadimika katika maduka ya Tanzania. Sisi tuliokuwa wanafunzi wa shule za msingi katika miaka ile ya mwanzo ya 1980 twakumbuka foleni ndefu, na twakumbuka majani ya mpapai yaliyopondwa yakatumika kufulia sare zetu. Mwaka 1983, katika vita dhidi ya wahujumu uchumi, sabuni ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizofichuliwa mafichoni.

Lakini dhiki ni mwalimu mkali. Katika miaka hiyo wengi walijifunza kutengeneza sabuni nyumbani na katika vikundi, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, limeendelea kuufundisha ufundi huo. Sabuni nyingine za miaka ile zilifaa. Nyingine zilibaki laini, na nyingine zilichoma viganja kwa sababu kostiki ilitiwa kwa kukisia. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Sabuni bila mizani nayo huisha bila ngozi.

Asidi ya steariki katika sabuni isiyopikwa

Leo vikundi vingi hutengeneza sabuni kwa njia ya baridi. Mafuta huchanganywa na maji ya kostiki, hukorogwa mpaka yawe kama uji mzito unaoacha alama mwiko unapopita, kisha humiminwa katika vibao. Vipande huachwa vikomae kwa wiki 4 hadi 6. Swali la ugumu hapa hutegemea mkoa. Fundi wa Kigoma mwenye mawese hana shida, kwa kuwa mawese yana kiasi cha 44 katika 100 ya asidi ya palmitiki, ndugu wa karibu wa steariki. Lakini fundi wa Singida mwenye alizeti, au wa Lindi mwenye ufuta, ana mafuta yenye asidi zenye kombo. Sabuni yake hukawia kuwa ngumu na huisha upesi. Huyo ndiye ahitajiye steariki.

Asidi hiyo huuzwa ikiwa chembe au magamba meupe, na siku hizi nyingi hutolewa katika mawese; yenye kuuzwa aghalabu huwa imechanganyika na palmitiki. Mwenye kujali asili yake, kwa sababu ya dini au mwiko, na aulize kabla ya kununua, maana yaweza kutoka kwa mnyama pia. Kwa sabuni isiyopikwa inatosha kuitia kidogo, kama 2 hadi 5 katika kila 100 ya uzito wa mafuta yote. Yapo mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, asidi hii haina budi kuyeyushwa kabisa ndani ya mafuta, na mafuta hayo yasiachwe yapoe, kwani yakipoa hugeuka chembe nyeupe ndani ya sabuni.

Pili, fundi akumbuke mfano wetu wa mbuzi. Steariki iliyomo katika shahamu bado imefungwa kwa gliserini, na kostiki huifungua taratibu. Steariki iliyonunuliwa imekwisha kufunguliwa, hivyo huidaka kostiki papo hapo, na sabuni yaweza kuganda ghafula katika chombo kabla haijamiminwa. Vibao viwe tayari mapema, na manukato yenye kuharakisha mgando yaepukwe.

Tatu, asidi hiyo nayo hula kostiki. Gramu 100 zake huhitaji gramu 14 hadi 15 za kostiki soda, na kiasi hicho kiingizwe katika hesabu. Asiyekihesabu atapata sabuni yenye mafuta yasiyogeuka.

Nne, kingi si kizuri siku zote. Steariki ikizidi, kipande huwa kigumu lakini chenye kuvunjika, na povu lake hupungua. Povu la steariki ni dogo na zito, lenye kudumu. Ndiyo maana hupendwa zaidi katika sabuni za kunyolea ndevu, ambazo kwa kawaida hupikwa na kutiwa potasi.

Na juu ya yote hayo, kostiki ni hatari. Humiminwa ndani ya maji, wala maji hayamiminwi juu yake. Macho na mikono vikingwe, watoto wawekwe mbali, na sufuria za alumini zisitumike, kwa kuwa kostiki huzila.

Lakini kabla fundi wa Singida hajanunua magamba hayo meupe, na atazame kwanza bucha la jirani. Shahamu ya ng'ombe ina kati ya 15 na 25 katika 100 ya asidi hiyo hiyo ya steariki, tena ikiwa bado imefungwa, isiyoleta haraka. Ikiyeyushwa, ikachujwa na kuchanganywa na alizeti, na mafuta ya nazi kidogo kwa ajili ya povu, hutoa sabuni ngumu kwa gharama ndogo. Mara nyingi shahamu hiyo hutupwa. Kumbe tunatupa kile tunachokwenda kukinunua.

Hitimisho

Historia hii yatufundisha kwamba ardhi peke yake haimtajirishi mtu. Watu wa Sham hawakuwa na mafuta magumu, wakayapata matunda ya subira. Marseille haikuwa na mnazi hata mmoja, ikaitawala biashara ya mbata. Chevreul hakuwa na kitu ila maji machafu yenye vijipande ving'aavyo, na macho yaliyokataa kuvipuuza. Katika habari zote hizo kilichoshinda ni maarifa yaliyotunzwa, yakapimwa, yakarithishwa.

Yawapasa basi walimu wetu wa kemia na wa historia wakutane juu ya kipande kimoja cha sabuni. Mwalimu wa kemia aonyeshe jinsi mnyororo ulionyooka utoavyo ugumu. Mwalimu wa historia aeleze mbata za Unguja zilikwenda wapi, na kwa nini Wapende walikufa. Mwanafunzi aliyeyapata yote mawili hataiona tena shahamu kuwa takataka, wala magadi kuwa chumvi ya kulainishia maharage tu. Mtumai cha ndugu hufa maskini, na taifa linalosafishwa kwa sabuni ya wengine hungoja foleni siku sabuni hiyo isipofika. Mafuta tunayo, magadi tunayo, na elimu haifichwi tena na mtu. Kilichobaki ni mizani, daftari na mikono yetu wenyewe.